Tulilinganisha majibu ya SAT, sasa nataka kuifuta

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 17, nasoma darasa la kumi na moja hapa Fort Worth, Texas. Kwetu ni Uvira, ila nimezaliwa na kukulia kambini Nyarugusu, Kigoma, mpaka tulipoletwa huku nikiwa wa kuingia darasa la tano. Nakuandikia Jumapili usiku. Jana nilifanya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani, na tangu jana chakula hakipiti.

Sehemu ya kusoma na kuandika ilikwenda. Si lugha yangu ya kwanza, nilijua nitapoteza kidogo. Tegemeo langu lilikuwa hesabu. Moduli ya kwanza, yaani kipande cha kwanza kati ya viwili, nilimaliza kabla ya muda, nikarudia kuangalia majibu. Ya pili niliiona ya kawaida. Mwishoni kulikuwa na maswali yaliyonikaba, lakini si ya kutisha. Nikatoka natabasamu. Tabasamu lenyewe liliishia kwenye maegesho ya magari.

Pale nje tulikuwa watano. Kijana mmoja wa darasa letu la hesabu, yule ambaye kila mtu humuuliza akikwama, akaanza: "Lile la duara mlipata ngapi?" Wawili wakataja jibu moja, mimi nilikuwa na lingine. Akataja swali jingine, hilo sikuliona kabisa. Akataja la tatu, nalo sikuliona. Wenzangu wanasema, "Lile lilikuwa balaa," mimi naangalia viatu vyangu. Ndipo akaniuliza moduli ya pili niliionaje. Nikasema ya kawaida. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi wewe ulipewa ile nyepesi."

Jioni wakafungua kundi la WhatsApp, kila mtu anaandika maswali anayoyakumbuka. Hadi usiku yalishapita thelathini. Nimeyapitia yote. Kwa hesabu yangu nimekosa tisa. Rafiki yangu wa karibu, niliyesoma naye kila Jumamosi maktaba tangu Januari, anasema yeye amekosa mawili tu. Tangu aandike hivyo sijamjibu. Amenipigia, sijapokea. Najua si vizuri, lakini nikiona jina lake kwenye simu tumbo linanikata.

Ninataka kusomea uhandisi UT Austin, Chuo Kikuu cha Texas. Nimesoma kwamba mtu anaweza kufuta alama zake kabla ya Alhamisi na ikawa kama hakufanya. Nifute?

Halafu kuna baba. Yeye alifanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo, kule Uvira, na kwake mtihani ni huo mmoja: ama unamwagiwa poda barabarani watu wanaimba, ama unarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Anafanya kazi ya usiku ghalani, na kila asubuhi akiingia swali ni moja, "Umepata ngapi?" Nikimwambia matokeo bado, anadhani namficha.

Na mwisho, binamu yangu yuko Nairobi, atafanya SAT ya Juni. Amesikia kuna hilo kundi na anaomba nimtumie maswali yote. Mama yake ndiye aliyetulea kambini wakati mama yangu anaumwa. Nitamkataliaje? Nakuambatanishia orodha ya maswali pia, labda wewe utaniambia majibu sahihi ni yapi nijue moja.

Wako,
Aliyepewa Nyepesi

*

Marahaba mwanangu. Pole.

Alhamisi haisubiri safu hii itoke, kwa hiyo jibu la kufuta nilikutumia Jumatatu asubuhi kwa neno moja: usifute. Umeniruhusu barua yako isomwe na wengine, basi hapa naeleza sababu kwa kirefu. Ile orodha ya maswali sikuifungua, nimeiondoa. Sababu ya hilo pia inakuja, tukifika Nairobi.

Tuanze na pale maegeshoni. Watu watano mlisimama mkilinganisha majibu kana kwamba mmetoka kwenye mtihani mmoja. Hamkutoka kwenye mtihani mmoja. Enzi za karatasi, kweli, chumba kizima kilifungua kijitabu kile kile, na mkitoka nje mkaulizana "la kumi na nane umepata ngapi" mlikuwa mnazungumzia kitu kimoja. Enzi hizo zimekwisha. Tangu Machi 2023 kwa wanaofanyia nje ya Marekani, na Machi 2024 kwa ninyi mlioko ndani, SAT inafanywa kwenye kompyuta kwa programu ya Bluebook, na programu hiyo haimpi kila mtu maswali yale yale. Jirani yako wa kushoto anaweza kuwa na maswali tofauti na yako tangu moduli ya kwanza. Ikifika ya pili mnatawanyika zaidi, kwa kuwa programu inaangalia ulivyofanya ya kwanza ndipo inaamua ikupeleke kwenye moduli ngumu au nyepesi.

Kwa hiyo hiyo orodha yenu iliyopita thelathini ni mabaki ya mitihani kadhaa yaliyoshonwa pamoja na watu waliochoka. Hesabu nzima ni maswali 44 kwa kila mtu, 22 kila moduli, dakika 35 kila moduli. Ukisema umekosa tisa, nakuuliza: tisa ya mtihani wa nani? Rafiki yako akisema amekosa mawili, naye namuuliza hivyo hivyo.

Sasa hilo la duara, ambalo mwenzako alipata jibu moja na wewe lingine. Silijui swali lenyewe na sitaki kulijua, lakini nimefundisha hesabu muda wa kutosha kujua watoto husahau nini kwanza: mstari wa mwisho wa swali. Nikutungie mfano wangu mwenyewe. Mtihani unasema 2x + 6 = 20, kisha unauliza thamani ya x + 3. Mmoja atatoka nje akipiga kelele "saba!" na mwingine "kumi!" Wa kumi yuko sahihi. Wa saba yawezekana naye aliandika kumi, akasahau, kwa sababu alichobaki nacho kichwani ni x. Au yawezekana yeye kweli aliulizwa x. SAT inapenda sana kuuliza kitu kilicho pembeni ya kile ulichokihangaikia. Tena yapo maswali ya kuandika jibu, takriban robo ya hesabu yote, ambayo swali linaomba thamani mojawapo kati ya mbili zinazokubalika. Mmoja akaandika 2, mwenzake 5, wote wamepata, na wote wawili wanalala wakilia. Hata 7/2 na 3.5 watu wamegombania! Zote zinapokelewa. (Kisichopokelewa ni kuandika tatu na nusu kama 3 1/2, namba nzima na sehemu pembeni: kompyuta inasoma 31/2. Hilo mkumbuke mnaofanya Agosti.)

Kuna jambo ambalo natamani lingebandikwa kwenye mlango wa kila kituo cha mtihani. Katika kila moduli ya hesabu kuna maswali mawili yasiyohesabiwa. Yamewekwa ili wenye mtihani wayapime kabla ya kuyatumia siku za mbele. Hakuna alama inayoyatambulisha. Unayajibu kama mengine. Maana yake manne kati ya 44 hayana uzito wowote kwenye alama yako, na hujui ni yapi. Huenda lile linalokunyima usingizi ni mojawapo. Na hata yanayohesabiwa hayana uzito sawa, kwa maana alama inatafutwa kwa kuangalia pia ugumu wa swali na mpangilio wa majibu yako, kwa hiyo watu wawili waliopata idadi ile ile ya majibu sahihi wanaweza kutoka na alama mbili tofauti. Ndiyo sababu hesabu ya vidole mliyofanya usiku ule haifiki popote, hata kama kumbukumbu zenu zingekuwa safi kama kioo.

Sasa "nyepesi". Hapa sitakubembeleza. Ni kweli njia hizo mbili zipo, na ni kweli aliyepelekwa kwenye moduli nyepesi hafiki 800, alama ya juu kabisa ya hesabu, hata akipata yote, kwani ile nyepesi ina dari. Huyo kijana hakukudanganya kuhusu mtihani. Alichokosea ni kudhani anaweza kukutazama usoni akajua ulipita wapi. Kwenye skrini hakuna ujumbe unaosema "sasa unaingia ngumu". Kutoyaona maswali yake si ushahidi, maana hata walio kwenye njia ngumu wote wanaweza kupewa maswali tofauti. Na neno "kawaida" linategemea nani analisema. Wewe moduli ya kwanza ulimaliza kabla ya muda ukabaki unahakiki. Mtu wa namna hiyo akiniambia ya pili ilikuwa ya kawaida na mwishoni ikamkaba, mimi sisikii wepesi hapo. Lakini nami sijui, na hilo ndilo ninalokwambia: mimi sijui, wewe hujui, na yule kijana anayeulizwa na kila mtu hajui.

Kufuta, basi. Alama ukishaifuta hairudishwi, na wewe mwenyewe hutaiona milele. Utakuwa umechoma barua bila kuifungua kwa kuwa mtu nje ya posta amekisia kilichoandikwa ndani. Nafasi ya kufuta, ambayo mwisho wake ni saa 5:59 usiku wa Alhamisi kwa saa za Mashariki, yaani saa 4:59 usiku kwenu Fort Worth, ina watu wake: aliyeugua katikati ya mtihani, aliyelazimika kutoka kabla ya kumaliza. Si aliyesikitishwa maegeshoni. Tena hakuna unachojikinga nacho kwa kufuta, kwa sababu kwa vyuo vingi wewe ndiye unayechagua matokeo ya siku ipi yatumwe. Yakitoka mabaya, unayaacha. Yakitoka mazuri, unayo. Vipo vyuo vinavyotaka matokeo yote, soma masharti ya kila chuo unachokiomba, lakini hata huko mtoto aliyefanya Mei na akapanda Agosti si kioja.

Na utafanya tena ukitaka. Agosti ipo, Oktoba ipo. Kama familia yenu ina kipato kidogo, mwone mshauri wa shule akuangalizie msamaha wa ada: unaostahili unakupa SAT mbili bure na kutuma alama vyuoni bila kulipa. Watoto wa wakimbizi wengi wanastahili na hawaulizi, wanaona aibu. Aibu hiyo mwachie mtu mwingine.

Umeniambia UT Austin, kwa hiyo nikurudishe kwenye kitu ulichokisahau tangu Jumamosi. Chuo hicho kimerudisha sharti la SAT au ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, ndiyo, kuanzia walioomba kuingia vuli ya 2025. Lakini mlango mkubwa zaidi wa Texas hauko Bluebook. Sheria ya jimbo ya 1997 inawapa walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao nafasi ya moja kwa moja kwenye vyuo vikuu vya umma. Austin, kwa wingi wa waombaji, ina kiwango chake, na kwa wanaoingia vuli ya 2026 imekishusha hadi asilimia 5. Nafasi hiyo inatokana na maksi zako za shule. Haikupi uhandisi moja kwa moja, inakupa chuo. Uhandisi wanakupima upya, na hapo ndipo alama ya hesabu ya SAT inasaidia. Sasa niambie: mitihani ya kufunga mwaka shuleni kwenu inaanza lini? Mwezi huu huu, nadhani. Na wewe siku mbili umekaa unahesabu maswali ya watu.

Baba yako ana haki ya kuuliza, nami ningependa kumwandikia yeye mistari michache, umsomee akiamka.

Mzee wangu, Exetat unaijua kuliko mimi. Ni mara moja kwa mwaka, nchi nzima, unavuka asilimia 50 au huvuki, na mtaa mzima utajua kabla ya jua kuzama. Huu anaoufanya binti yako haujengwi hivyo. Hauna kufaulu wala kufeli. Unatoa namba kati ya 400 na 1600, nusu ya hesabu na nusu ya lugha, kila nusu 200 hadi 800, na chuo kinaitazama namba hiyo pamoja na maksi za shule na maandishi ya mwombaji. Anaweza kuurudia. Matokeo huchukua wiki mbili au zaidi kidogo, yanakuja kwenye akaunti yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyenayo sasa, si yeye, si mwalimu wake. Hakufichi. Mwambie akuonyeshe kwenye akaunti hiyo tarehe ya matokeo, uiandike ukutani, na mpaka siku hiyo muulize mambo mengine. Poda inunue tu, haiozi.

Mwanangu, rudi kwangu. Rafiki yako amekupigia simu na hukupokea. Fikiria alivyo yeye: ametangaza "mawili" mbele ya watu wote, na sasa atakaa wiki mbili akingoja namba impe haki au imwaibishe. Ninamhurumia yeye kuliko wewe. Mpigie leo, mwambie wazi kwamba habari za majibu huzitaki mpaka matokeo yatoke, halafu zungumzeni mengine. Kama hawezi kuzungumza mengine, hilo nalo utakuwa umelijua.

Na kundi la WhatsApp ulitoke leo, kabla hujampigia mtu yeyote. Hapa ndipo naacha upole. Kabla ya mtihani kuanza ulikubali masharti, na mojawapo ni kwamba hutatoa maswali wala majibu kwa njia yoyote ile, iwe kwa mdomo, kwa simu au kwa mtandao. Adhabu yake ni kufutiwa alama, na wanaweza kukuzuia usifanye tena. Wasimamizi hawakusanyi karatasi za kuandikia mlangoni kwa sababu ya uhaba wa karatasi! Umekesha ukiogopa moduli ya pili, na kitu pekee kinachoweza kweli kukuondolea alama hizo ni orodha ya maswali iliyoandikwa kwenye kundi lenye namba yako ya simu. Usiitume kwa mtu mwingine, hata mimi. Ndiyo maana sikuifungua.

Binamu, basi. Najua deni la shangazi halilipiki, wala siyo kwamba nakuomba ulisahau. Lakini angalia unachoombwa: umtumie maswali ambayo kwa sehemu kubwa hatayaona, kwa kuwa naye atapewa yake, na iwapo yatagundulika kwenye simu yake, yeye aliyeko Nairobi ndiye atakayepoteza Juni, na wewe Mei. Hilo siyo shukrani kwa mama yake. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako: "Kaka, maswali sina ruhusa ya kuyatoa, wakiyakuta tutafutiwa wote wawili. Ila muda wangu ninao, na nimeshapita njia hiyo. Tusome pamoja."

Kisha msome kweli. Mitihani ya majaribio iko ndani ya Bluebook yenyewe, bure, na inabadilisha moduli kama ule halisi. Khan Academy, tovuti ya masomo, nao wana mazoezi ya bure yaliyoandaliwa pamoja na wenye mtihani. Saa 2 asubuhi yako ya Jumamosi ni saa 10 jioni kwake, muda mzuri kwenu wote, na baba yako atakuwa amelala. Anzeni na kikokotoo cha Desmos kilichomo ndani ya mtihani. Aliyezoea kikokotoo cha mkononi hushtuka akiona anaweza kuandika milinganyo miwili, grafu zikajichora, akagusa zinapokatiana na jibu likaonekana. Mfundishe hilo wiki ya kwanza. Wiki ya pili mfundishe kutoacha swali wazi, kwa sababu jibu baya halipunguzi kitu. Na kompyuta yake aichaji kabla ya siku yenyewe, umeme wa kituoni asiutegemee.

Mwalimu